Alama -li- na Wakati Uliopita wa Kiingereza

Waalimu wengi wa Kiingereza huwapa wanafunzi kanuni moja fupi: penye -li- andika wakati uliopita sahili, penye -me- andika wakati timilifu. Kanuni hii tumeipima kwa maneno ya soko la Kariakoo, Dar es Salaam, nasi twaona haitoshi.

Mchuuzi husema, "Mzigo umefika jana." Kwa Kiswahili amesema sawa, maana mzigo upo, waonekana. Lakini Kiingereza, kikisikia neno "jana," hukataa "has arrived" na kudai "arrived." Basi mtoto aliyeishika kanuni huandika "has arrived yesterday," akapata alama ya kosa. Ametii, na utii wake ndio uliomponza.

Bibi E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alionyesha ya kuwa -me- hutaja tendo lililotimia au hali iliyobaki baada yake. Ndiyo sababu "amelala" aghalabu si habari ya jana, bali ya sasa.

Tena iko -ka-. "Nilikwenda sokoni, nikanunua ndizi, nikarudi": Kiswahili hutaja wakati mara moja, kisha hufuatisha. Kiingereza hutaka kila tendo lichukue mzigo wake: "went, bought, returned." Na katika kukanusha mambo hugeuka. "Hakununua" huweka wakati ndani ya kitendo chenyewe. Kiingereza huuweka katika "did," na kitendo hubaki kitupu. Hapo ndipo lizaliwapo kosa la "did not bought."

Kwa hiyo twashauri mwalimu asiulize kwanza, "Ni -li- au ni -me-?" Na aulize, "Je, saa ya tendo imetajwa, au yajulikana kuwa imekwisha kupita?" Ikiwa ndivyo, ni wakati uliopita sahili. Soko kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Asubuhi yake mtu angeweza kusema, "Soko limeungua usiku," kwa kuwa magofu yalikuwa mbele ya macho, hata hivyo Kiingereza kingetaka "burned," kwa ajili ya neno "usiku."

Jambo hili si dogo. Mtoto akosolewaye bila kuelezwa huondoka akidhani kwamba lugha ya nyumbani kwao ndiyo iliyompoteza. Kumbe iliyompoteza ni kanuni.