Haki ya Kuudhika: Neno "Vex" katika Riwaya Mbili za Jane Austen

Kamusi hulifasiri neno la Kiingereza "vex" kwa wepesi: kuudhi, kukera, kusumbua. Fasili hiyo haina kosa, lakini haimtoshelezi msomaji wa Jane Austen (1775–1817). Neno hilo lina asili ya kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutikisa kwa nguvu, na athari ya mtikisiko huo haijafutika katika nathari ya mwandishi huyu. Makala haya yanajadili matumizi yake katika Pride and Prejudice (1813) na Emma (iliyotoka mwishoni mwa 1815). Hoja yake ni kwamba kupitia neno hili Austen anapima nani katika jamii ana haki ya kuudhika, na udhia wa nani husikilizwa.

Katika sura ya kwanza ya Pride and Prejudice, Bibi Bennet anamlaumu mumewe kwamba hufurahia kumuudhi na wala hazionei huruma neva zake. Mume anajibu kwa kejeli: anaziheshimu neva hizo, kwa kuwa amezisikia zikitajwa kwa angalau miaka 20. Msomaji hucheka. Msimulizi naye anakiunga mkono kicheko hicho, kwani anaeleza kuwa mama huyu, kila asiporidhika, hudhani ana maradhi ya neva. Hata hivyo, mpangilio wa taarifa una hila. Ni katika sura ya saba tu ndipo inapobainishwa kwamba shamba linaloiingizia familia pauni 2,000 kwa mwaka litarithiwa na ndugu wa mbali wa kiume, kwa kuwa wanandoa hao wana mabinti watano na hawana mwana. Basi mwanamke aliyechekwa alikuwa na sababu. Udhia wake una kichwa na miguu, ila msemaji wake amekwisha kushushwa hadhi kabla shauri lake halijasikilizwa.

Katika Emma hali ni kinyume. Sentensi ya kwanza ya riwaya inamtambulisha Emma Woodhouse kuwa ameishi karibu miaka 21 akiwa na machache mno ya kumhuzunisha au kumuudhi. Hapa "vex" linatajwa kwa kukanushwa, na kukanushwa huko ni kipimo cha utajiri: Emma ni mrithi wa pauni 30,000, na ndiye bibi wa nyumba ya baba yake. Kutoudhika kwake si subira, ni mali.

Neno hilo linarudi kwa uzito mwingine baada ya matembezi ya Box Hill. Katika mchezo wa maneno, kila mmoja ametakiwa kusema jambo moja la werevu mkubwa, au mawili ya kadiri, au matatu ya kipumbavu. Bibi Bates, mwanamke maskini asiyeolewa na mwenye maneno mengi, anajifanyia mzaha kwamba hayo matatu hayatamshinda. Emma anamkata kwa dhihaka kwamba tatizo litakuwa kujizuia asizidishe idadi. Baadaye Bwana Knightley anamkemea: Bibi Bates ameporomoka kutoka katika maisha ya raha aliyozaliwa nayo, na amemjua Emma tangu utotoni. Emma anageuza uso asiweze kusema, na msimulizi anafafanua kuwa hasira yake ni juu ya nafsi yake mwenyewe. Gari linapoondoka ndipo anapoelezwa kuwa ameudhika kupita kiasi cha kusemeka, na machozi yanamtiririka njiani. Neno lililofungua riwaya kama kero ambayo tajiri ameepushwa nayo sasa ni mtikisiko wa dhamiri, na mwenye kuudhi na mwenye kuudhiwa ni mtu mmoja.

Lakini aliyejeruhiwa kwanza si Emma. Bibi Bates anapoing'amua dhihaka hiyo, msimulizi hampi neno la hasira. Anasema tu kwamba wekundu kidogo usoni ulionyesha kuwa ameumia. Bibi Bates mwenyewe anajitwika kosa, akidhani lazima awe anachosha sana hata rafiki wa siku nyingi amtamkie hivyo. Anayeishi kwa hisani ya majirani hana uwezo wa kuudhika hadharani, maana ghadhabu yake ingeweza kumgharimu mlo wa kesho. Katika tukio hili Austen anampa mkosaji neno hilo na kumwachia mkosewa wekundu wa uso.

Uchambuzi huu una maana kwa mfasiri wa Kiswahili. Kishawishi ni kuandika "kero" mwanzoni mwa Emma na "majuto" baada ya Box Hill, kwa kufuata muktadha. Kila chaguo lingekubalika peke yake, lakini kwa pamoja yangeukata uzi unaoziunganisha sehemu hizo mbili. Mzizi "udhi" unafaa zaidi. Una undugu na neno "adha", hivyo unabeba usumbufu mdogo na maumivu pia, ilhali "kera" huelekea zaidi kwenye usumbufu. Aidha, kauli ya kutendeka, "aliudhika", haimlazimishi mfasiri kumtaja mtenda, jambo linalomwachia msomaji amtambue mwenyewe kutokana na yaliyotangulia.

Kwa hiyo, kurudiwa kwa neno hili si uhaba wa msamiati. Mwanzoni Emma hana la kumuudhi kwa sababu wengine humbebea. Kesho yake asubuhi baada ya Box Hill anakwenda kwa miguu yake nyumbani kwa Bibi Bates. Hakuna fidia kamili katika ziara hiyo, kwani mwenyeji bado anashukuru kuliko inavyostahili, na shukrani hiyo inamchoma mgeni kuliko ambavyo lawama ingemchoma.