Haki na Uhalisi katika Vita vya Maneno: Toka Kuduhu hadi Nyali

Upo mchezo wa maandishi ambao watu wawili hupigana pasipo kugusana wala kuonana. Mmoja huandika kwamba shujaa wake amefuta upanga na kumkata mwenziwe bega. Wa pili huandika kwamba shujaa wake ameinama, upanga ukapita hewani, naye akachoma mkuki. Kijana aliyeketi Nyali aweza kupigana hivyo usiku kucha na mwingine aliyeko Muscat. Hauchukui muda kabla ya ugomvi wa kweli kuzuka, na ugomvi wenyewe huwa ni wa malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba hayo hayawezekani: mtu hawezi kupigwa mishale saba akaendelea kukimbia. La pili ni kwamba hiyo si haki: mwenzangu hakubali kuumia hata mara moja, tena ananiandikia mimi kuwa nimekufa kabla sijajibu.

Wako wanaodhani kwamba suala hili limekuja na kompyuta. Ni kweli kwamba michezo ya kuigiza mashujaa ilipata kanuni zake za kuchapwa huko Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, na kwamba mwaka 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walianza kuunda mchezo wa maandishi matupu ambao watu wengi waliweza kuingia kwa pamoja. Katika hiyo ya kwanza haki ilikabidhiwa dadu, na katika huo wa pili ikakabidhiwa mashine. Lakini palipo watu wawili na maneno tu, bila dadu na bila mashine, ni nani aamuaye kwamba pigo limefika? Swali hilo lina historia ndefu pwani ya Afrika Mashariki, na sehemu yake kubwa ilitokea ng'ambo ya mkono wa bahari unaoitenga Nyali na kisiwa cha Mvita.

Karibu na mwaka 1812 Mombasa ya Wamazrui, ikishirikiana na Pate, ilikwenda kuishambulia Lamu. Vita hivyo huitwa vya Shela kwa jina la mahali majeshi yaliposhukia, na katika tungo huitwa vita vya Kuduhu. Miji hiyo ilikuwa pia ikipigana kwa mashairi. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa tangu karibu na 1776 hadi karibu na 1840, aliusemea mji wake na watawala wake. Upande wa Lamu alisimama Bwana Zahidi Mngumi, ambaye hakuwa mtunzi tu bali kiongozi. Mashairi yalipelekwa, yakasomwa mbele za watu, yakajibiwa. Hapa hapakuwa na mchezo kwa maana ya upuuzi, kwani waliotukanwa katika beti walikuwa na mikuki majumbani. Hata hivyo mwenendo wa majibizano ulikuwa na masharti ya mchezo, na masharti hayo yanastahili kutazamwa kwa makini kuliko yalivyotazamwa hadi sasa.

Sharti la kwanza lilikuwa usawa wa silaha. Shairi la mizani kumi na sita katika kila mshororo, lililokatwa katikati kwa kina, lilijibiwa kwa shairi la kipimo hicho hicho. Mjibuji hodari alichukua hata vina vya mwenziwe. Iwapo mshindani amelifumba jambo katika mfano wa jahazi, ajibuye huingia humo humo jahazini akaonyesha kwamba tanga limechanika au kwamba nahodha amelewa. Kuruka jahazi na kuanza habari ya simba ni kukiri kwamba fumbo limemshinda. Aghalabu wahakiki wameyaeleza haya kuwa ni mapambo ya fani. Maelezo hayo hayatoshi. Mizani na vina katika malumbano vilikuwa kwanza ni chombo cha hukumu. Msikilizaji asiyekuwa na habari ya nani mwenye haki ya kutawala Lamu aliweza bado kusikia ni nani aliyekwama. Wachezaji wawili wa ngoma ya kirumbizi huko Lamu hushika bakora za aina moja kwa sababu hiyo hiyo.

Sharti la pili, lililo kubwa zaidi, ni kwamba hakuna mtunzi aliyeweza kuandika kifo cha mwenziwe kikawa kifo. Muyaka aliweza kutisha, kukejeli na kubashiri maangamizi. Hakuweza kuufunga mlango wa jibu. Kitisho kilibaki kitisho mpaka kijibiwe au kinyamaziwe. Hapa ndipo mchezaji wa siku hizi anayeandika «nimekwisha kukuua» anapokosea. Hajasema uongo mkubwa kuliko Muyaka. Kosa lake ni kwamba amechukua zamu mbili, yake na ya mwenziwe.

Sasa tuuendee uhalisi. Hoja isikikayo mara kwa mara ni kwamba majigambo ya tungo za vita ni uongo, na kwamba fasihi iliyokomaa huonyesha vita kama vilivyo. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Bwana Mwengo bin Athumani wa Pate mwaka 1728, hutolewa kuwa ushahidi. Katika utendi huo wenye beti zaidi ya elfu moja, Waislamu wanapambana na majeshi ya Herekali yasiyo na idadi, na upanga wa Ali huangusha watu kama majani. Historia yasema vingine: huko Muta, mwaka 629, Jaafari aliuawa na jeshi la Waislamu likarudi, huko Tabuk, mwaka 630, hapakupiganwa vita vyovyote. Kinyume chake husifiwa Utenzi wa Vita vya Wadachi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, ambamo meli za Wajerumani na mizinga yao hufanya kazi ambayo meli na mizinga hufanya, na watu wa Mrima wanashindwa kama walivyoshindwa kweli baada ya 1888.

Ulinganisho huo una manufaa, ila umechanganya mambo mawili. Katika Tambuka hakuna mshindani anayejibu. Herekali ni kiumbe cha mtunzi, na mtunzi amemnyima kalamu. Kwa hiyo wasikilizaji hawakutazamia mashaka juu ya mwisho, walitazamia kuiona imani ikitukuzwa. Hakuna aliyedhulumiwa kwa idadi ya waliouawa. Al-Buhriy naye alitungia watu waliokuwapo, waliozika, waliojua mzinga ulipiga wapi. Uhalisi wake ulidaiwa na mashahidi wake. Basi kipimo cha uhalisi hakikutoka katika tungo peke yake. Kilitoka kwa yule aliye na haki ya kusema «sivyo». Penye mtu wa namna hiyo, chumvi hupungua.

Mfano ulio bora ni habari ya Fumo Liyongo, hasa kama ilivyotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu katika utenzi wake wa 1913. Liyongo haingiwi na silaha. Kwa mtu apendaye uhalisi wa kijuujuu mambo yamekwisha hapo, maana shujaa asiyeumia ni ndoto ya mtoto. Lakini utenzi unaweka mpaka: iko sindano ya shaba, na iko mahali pamoja mwilini, kitovuni, ambapo sindano hiyo huua. Mpaka huo ukishatajwa, utenzi hauuvunji. Hakuna siku Liyongo anapookoka kitovuni kwa bahati, wala siku anapokufa kwa mkuki. Msomaji amepewa jambo lisilowezekana pamoja na kanuni yake, na akiona kanuni inashikwa, huamini. Hilo ndilo wachezaji wa maandishi wanalolitafuta wanapodai kila shujaa awe na udhaifu wake unaojulikana, ingawa wengi wao hulidai kwa jina la uhalisi wakati ni suala la kushika ahadi.

Katika utenzi huo huo imo habari ya kikoa, nayo ni ya ajabu kwa mada hii. Watu waliotumwa kumwua Liyongo wanakula naye makoma kwa zamu: kila siku mmoja apande mkoma awaangulie wenziwe. Kikoa ni desturi ya haki kabisa. Hakuna alaye pasipo kutoa. Nia yao ni kwamba zamu ya Liyongo ikifika, naye yuko juu mtini, wampige mishale. Sheria ya usawa imegeuzwa mtego, wala hakuna hata sharti moja lililovunjwa. Liyongo hakatai zamu yake. Anachukua uta wake, anayaangusha makoma kwa mishale akiwa chini, na wote wanakula. Amelitimiza sharti kwa maneno yake yalivyo, nao wameshindwa kwa silaha waliyoichagua wenyewe. Ni vigumu kupata maelezo mafupi zaidi ya ustadi katika malumbano. Na anapokufa mwishowe, ni kwa sababu mwanawe mwenyewe amemwuliza siri naye akaitaja kwa kinywa chake; lawama yote inamwangukia mwana, ambaye hakufaidi ahadi alizopewa.

Turudi Kuduhu, ambako bahari ilitoa hukumu ambayo hakuna shairi lililoitoa. Majeshi ya Mombasa na Pate yaliposhuka Shela yalishindwa. Maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vimekwama pwani, na waliokimbilia vyombo waliuawa mchangani. Baada ya hapo Lamu iliomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na mnamo 1837 Mombasa yenyewe iliangukia mikononi mwake. Je, basi Muyaka alishindwa? Katika vita vya mikuki upande wake ulishindwa. Katika vita vya maneno jibu limetegemea jambo jingine kabisa, yaani nani aliyeziweka karatasi.

Mashairi ya Muyaka yaliokolewa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa Mombasa aliyefariki 1890, akishirikiana na William Taylor wa CMS, chama cha wamisionari kilichoanzisha kijiji cha Freretown mwaka 1875 bara ya kaskazini, jirani na Nyali. Kutokana na hazina hiyo William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mkubwa mwaka 1979. Deni la taaluma kwa watu hao halilipiki. Lakini ni lazima isemwe kwamba kwa muda mrefu wanafunzi walisoma majibizano kwa sikio moja. Maelezo ya nani alimwambia nani, na kwa nini, yalitoka kwa mtu wa Mvita aliyempenda mshairi wa Mvita. Lamu ilisimama darasani kama Herekali katika Tambuka, ikipigwa bila kalamu. Ukali wa Muyaka ukaonekana ni ushindi, kwa kuwa jibu halikuwa mezani.

Kitabu cha Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff, Mashairi ya Vita vya Kuduhu, kilichotolewa Marekani mwaka 1995, kiliyaweka mashairi ya pande zile pamoja. Aisomaye mikusanyo hii bega kwa bega huona kwamba tungo nyingi za Muyaka zilizofundishwa kuwa majigambo ni majibu, na kwamba ukali wake mara nyingine umepimwa na ukali uliotangulia. Sifa yake haipungui kwa hilo. Pengine yaongezeka, kwa maana kumshinda asiyejibu si kazi. Ila silabasi bado humweka peke yake mara nyingi, shairi moja likichanwa kutoka katika mnyororo wake, mwanafunzi akiulizwa «mshairi ana maana gani» pasipo kuambiwa kwamba mshairi alikuwa akimjibu mtu.

Na mgogoro wa miaka ya 1970 na 1980 juu ya mashairi huru wahitaji kutazamwa upya kutoka upande huu. Waliotetea vina na mizani walisema ni uti wa mgongo wa ushairi wa Kiswahili. Waliowapinga, tangu Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974, walisema ni minyororo. Pande zote mbili zilibishania uzuri na uhuru wa mtunzi mmoja akiwa peke yake. Hawakuuliza vya kutosha mtunzi wa pili atajibu kwa kipimo gani. Shairi huru laweza kusema yote, hata yale ambayo Muyaka asingeweza. Lisilolitoa ni bakora ya urefu ule ule kwa anayetaka kulipinga, na hadi hapo itakapopatikana, mwenye kulipinga itambidi aandike makala.