Mandera Ilipovuka Milioni: Sensa Inavyojikagua

Tarehe 31 Agosti 2010, siku nne baada ya Kenya kuzindua Katiba mpya, Waziri wa Mipango Wycliffe Oparanya alitangaza kuwa sensa ya Agosti 2009 imepata watu 38,610,097. Katika tangazo hilohilo akafuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini: Lagdera, Wajir Mashariki, Mandera Mashariki, Kati na Magharibi, pamoja na Turkana Kaskazini, Kati na Kusini. Huko, alisema, watu watahesabiwa upya. Suala likaishia mahakamani, na hesabu hiyo mpya haikufanyika mpaka ilipofika sensa nyingine ya nchi nzima mwaka 2019.

Nimeichagua kesi hii kwa sababu inaonyesha jambo ambalo wengi wetu hatulioni: ofisi ya takwimu inajuaje kwamba namba zake zimeharibika, na inaweza kulithibitisha hilo kwa kiasi gani bila kurudi uwanjani?

Kipimo cha kwanza ni kasi ya ongezeko. Chukua eneo lote la Mandera, ambalo leo ni kaunti moja. Mwaka 1999 lilihesabiwa watu 250,372. Mwaka 2009 likahesabiwa watu 1,025,756. Hiyo ni kasi ya asilimia 15 hivi kwa mwaka, yaani watu kuongezeka maradufu kila baada ya miaka mitano. Sasa tupige hesabu ya uzazi. Hata katika jamii zinazozaa sana, ni nadra vizazi kuzidi 50 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Tujalie Mandera ilifika hapo, na tujalie hakufa mtu hata mmoja kwa miaka kumi. Wale 250,372 wangefika 408,000 hivi. Watu zaidi ya 600,000 waliobaki hawakuzaliwa Mandera. Ama walihamia, ama mwaka 1999 walikuwepo na hawakuhesabiwa, ama hawapo.

Hapa ndipo wachambuzi wengi waliharakisha. Walipoiona asilimia 15, wakahitimisha kwamba watu wamebuniwa. Kipimo cha kasi hakisemi hivyo. Kinasema tu kwamba sensa mbili hazipatani. Hakisemi ipi kati yake imekosea. Mandera inapakana na Somalia na Ethiopia, na Somalia ilikuwa imekaa bila serikali ya kudumu tangu 1991. Upande wa Lagdera kulikuwa na kambi za wakimbizi za Dadaab. Tena ni nchi ya wafugaji wanaohama na mifugo, yenye umbali mkubwa na usalama mdogo. Karani anayezunguka na fomu kwa siku chache huwaacha wengi nje ya hesabu. Kama sensa ya 1999 iliwakosa wengi, basi ongezeko lingeonekana kubwa kupita kiasi hata kama sensa ya 2009 ingekuwa safi.

Shaka hiyo ina nguvu kuliko wengi wanavyokubali. Sensa ya 2019 iliipa Mandera watu 867,457, pungufu ya ile ya 2009 kwa watu 158,299. Wengi waliichukua namba hiyo kama uthibitisho kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya uongo. Lakini ukiipitisha kwenye kipimo kilekile, ukihesabu tangu 1999, inatoa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka kwa miaka ishirini mfululizo. Uzazi peke yake haufiki hapo. Kwa hiyo namba ya 2019 nayo inashindwa mtihani huu, na njia rahisi ya kulieleza hilo ni kwamba mwaka 1999 watu wa Mandera walihesabiwa pungufu. Aliyekuwa akilalamika kwamba kaskazini ilisahauliwa alikuwa na hoja ya kitakwimu, si ya kisiasa tu.

Ndiyo maana mtakwimu makini hutafuta vipimo visivyotegemea sensa iliyopita. Cha kwanza ni uwiano wa jinsia. Katika jamii isiyo na migodi wala viwanda vya kuvuta vijana wa kiume, wanaume na wanawake hukaribiana. Mandera ya 2009 ilikuwa na wanaume 559,943 na wanawake 465,813, yaani wanaume 120 kwa kila wanawake 100. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Sehemu yake inaweza kutokana na wasichana kutotajwa karani anapouliza mkuu wa kaya, kasoro inayojulikana katika sensa za nchi nyingi. Lakini tazama 2019: wanaume 434,976, wanawake 432,444, na huntha 37, kundi lililohesabiwa kwa mara ya kwanza mwaka huo. Uwiano umerudi kuwa karibu sawa kwa sawa. Ukilinganisha sensa hizo mbili, wanawake wamepungua 33,369, wanaume wamepungua karibu 125,000. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko ule wa asilimia 15, kwa sababu hauhitaji kuiamini sensa ya 1999 hata kidogo.

Umri ni kipimo cha namna hiyohiyo. Watu wasiojua mwaka wao wa kuzaliwa hutaja umri unaoishia na 0 au 5, na kuna faharasa ya kupima mazoea hayo, iitwayo ya Whipple: 100 maana yake hakuna upendeleo wowote, 500 maana yake kila mtu ametaja umri wa namna hiyo. Watakwimu huangalia pia umbo la jedwali la umri. Watoto hupungua taratibu kadiri umri unavyopanda. Kundi la miaka 10 hadi 14 likifura ghafla kuliko lile la chini yake, lazima pawe na sababu. Aghalabu anayebuni watu hakumbuki kuwapa umri unaofuata mpangilio wa vizazi na vifo. Kisha kuna kaya. Wizara ilieleza kwamba katika wilaya zile nane idadi ya watu kwa kaya ilipanda huku idadi ya kaya zenyewe isiende sambamba nayo. Karani hawezi kubuni nyumba kirahisi, maana nyumba zimeorodheshwa na kupigwa namba kabla ya usiku wa sensa. Kuongeza majina ndani ya nyumba iliyopo ni rahisi zaidi.

Na baada ya sensa kulikuwa na kishawishi cha kuzing'ang'ania namba hizo. Katiba mpya ilipandisha maeneo bunge kutoka 210 hadi 290 na kutaka mipaka yake ifuate idadi ya watu. Fomula ya kwanza ya kugawa fedha kwa kaunti iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Kila jina lililoongezwa lilikuwa na thamani ya shilingi.

Mwaka 2019 Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, liliacha karatasi na kutumia vishikwambi. Wengi walisifu kasi, na kweli ilionekana: matokeo ya 2009 yalichukua mwaka mzima, ya 2019 yalitoka tarehe 4 Novemba, siku 72 baada ya usiku wa sensa. Mimi naona faida kubwa zaidi iko penginepo. Kifaa kinaweza kurekodi saa na mahali pa kila mahojiano. Karani anayejaza kaya arobaini akiwa amekaa chini ya mti mmoja huonekana na msimamizi wake siku hiyohiyo, na anaweza kurudishwa uwanjani usiku wa sensa ungali kwenye kumbukumbu za watu. Mwaka 2010 shaka ilipotangazwa, usiku wenyewe ulikuwa umepita kwa mwaka mmoja.

Hata hivyo namba za 2019 za kaskazini mashariki nazo zilipingwa, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikazibatilisha kwa maeneo yaliyobishaniwa huko. Vifaa vilikuwa bora, mashaka yakabaki. Sababu yake, nionavyo, ilianzia kwenye lile tangazo la Agosti 2010. Vipimo vilikuwa halali, ila aliyevisoma mbele ya umma alikuwa waziri, mwanasiasa mwenye chama na eneo bunge, ilhali KNBS ilikuwepo kisheria tangu 2006. Jedwali la umri, la jinsia na la kaya kwa kila kata lingepaswa kutoka kwanza, likiwa na saini ya watakwimu. Tena wilaya zilizofutwa ziliachwa ndani ya jumla ya 38,610,097. Mkazi wa Mandera aliambiwa hesabu yake haifai, kisha akaikuta ndani ya hesabu ya taifa. Kanuni za Msingi za Takwimu Rasmi za Umoja wa Mataifa, zilizopitishwa 1994, zinataka mbinu zichaguliwe kwa misingi ya kitaaluma na zielezwe hadharani. Zimeandikwa kwa ajili ya siku kama ile.

Tanzania ilikosea kwa namna nyingine. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalifanya kuwa kosa kuchapisha jambo lenye nia ya kupotosha au kudhoofisha takwimu rasmi. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake waziwazi, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena. Namba isiyoruhusiwa kupingwa haina njia ya kuthibitishwa mbele ya mwananchi, hata ikiwa sahihi.

Njia ya kumaliza ubishi ipo, nayo ni ya zamani: utafiti wa baada ya sensa. Yanachaguliwa maeneo machache kwa bahati nasibu, wanatumwa makarani wengine wasiojua majibu ya kwanza, kisha majina yanalinganishwa. Tuseme sensa ilipata watu 900 katika maeneo hayo, utafiti ukapata 850, na kati ya hao 850 waliokuwa wamehesabiwa tayari ni 765. Hiyo ni asilimia 90. Basi sensa ilinasa asilimia 90 ya watu, na idadi halisi inakadiriwa kuwa 1,000. Upande wa pili, jina lililomo kwenye sensa lakini halipatikani na mtu yeyote kijijini huhesabiwa kuwa ziada. Utafiti wa namna hiyo huweza kuonyesha kwa pamoja waliosahauliwa na waliobuniwa.

Kwa sensa ya Kenya inayotarajiwa 2029, sampuli ya utafiti huo ingefaa iongezwe makusudi katika Mandera, Wajir, Garissa na Turkana, na KNBS ichapishe vigezo vyake kabla ya usiku wa sensa: uwiano gani wa jinsia, umbo gani la umri, na kasi gani ya ongezeko itakayofanya eneo lirudiwe, nani ataamua, na kwa siku ngapi. Vigezo hivyo vitumike Mandera na vitumike Nyeri, kwa kipimo kilekile.