Uria Yuko Wapi Katika Igizo Letu?

Ukienda kutazama maigizo ya vijana makanisani, kisa cha Daudi na Bathsheba hukikosi. Nimekiona mara nyingi, na karibu kila mara ni yale yale: mwanamke anaoga, mfalme anachungulia, mara Daudi kapiga magoti analia, kwaya inaingia, watu makofi. Somo: hata wateule huanguka, usikate tamaa. Somo si baya. Lakini jamani, hapo katikati kuna mtu kauawa!

Hebu tuisome 2 Samweli sura ya 11 kama waandishi. Msimulizi hana haraka, wala hahubiri. Anasema ni majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani, kisha anatupasha kwamba Daudi kabaki Yerusalemu. Basi, anaendelea na habari zake. Aliye juu ya paa ni Daudi. Bathsheba hatuambiwi alikuwa wapi. Anatumiwa wajumbe, analetwa. Sura nzima neno lake ni ujumbe mmoja, maneno mawili tu kwa Kiebrania: kwamba ana mimba. Sasa yule binti wa maigizo yetu, mwenye kurembua macho, katoka wapi?

Msimulizi anakawia kwa Uria. Huyu Mhiti anaitwa kutoka vitani ili alale kwake, mimba ipate baba. Anagoma. Wenzake wamepiga kambi nje, yeye akastarehe na mkewe? Analala mlangoni pa jumba la mfalme. Siku ya pili analeweshwa, bado haendi. Mlevi yule ana adabu kuliko mfalme mwenye akili timamu. Asubuhi anakabidhiwa barua ampelekee Yoabu, na barua yenyewe inaagiza auawe yeye aliyeibeba. Wala hakufa peke yake. Askari wengine waliangushwa pamoja naye, nao hata majina hawakupewa.

Ndiyo maana Nathani katika sura ya 12 hakusimulia kisa cha tamaa. Alisimulia cha tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Ni kesi ya mwenye nguvu na mnyonge. Daudi anakiri kwa sentensi moja, anaambiwa hatakufa, lakini mtoto anafariki siku ya saba, na sura inayofuata mwanawe Amnoni anamnajisi Tamari, binti wa Daudi.

Ajabu ni kwamba Biblia yenyewe ina toleo lililosafishwa. 1 Mambo ya Nyakati 20 inasimulia vita ile ile ya Raba: Daudi kabaki Yerusalemu, Yoabu kaupiga mji, taji likawekwa kichwani pa Daudi. Bathsheba hayumo, Uria hayumo. Igizo letu nalo, pamoja na machozi yake yote, limemfuta Uria vile vile. Kijana aliyempa binti wa watu mimba kisha akahama mtaa anaweza kulitazama akatoka kifua mbele: kumbe hata Daudi! Humo hakuna aliyedhulumiwa, kwa hiyo hakuna wa kumwendea.

Mathayo hakukubali usafi huo. Katika sura yake ya kwanza, akiorodhesha ukoo wa Yesu, alipofika kwa Sulemani hakulitaja jina la mama. Aliandika kwamba alikuwa mke wa Uria.

Anayetaka kuandika igizo jipya aanzie kwenye ile barua, njiani kuelekea Raba, ikiwa bado imefungwa. Nitakuja kulitazama.