Katura Nyuma ya Bugonoka

Katika kijiji cha Kewanja, upande wa Tarime, si mbali na Mto Mara, nilimsomea kwa sauti bibi mmoja mkongwe, asiyejua kusoma lakini msikivu kupita wasomi wengi, sehemu ile ya kitabu cha Aniceti Kitereza ambapo wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao kutoka kwa mumewe kwa sababu ya masimango ya ndugu wa mume juu ya ugumba. Na nilipotua, bibi yule, ambaye mikono yake haikuacha kupepeta ulezi muda wote ule, aliniuliza kama aliyeyaandika maneno hayo alikuwa mwanamke. Nilipomjibu kuwa alikuwa mwanamume, Mkerewe, tena mwanafunzi wa mapadri, alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa basi mtu huyo lazima alikaa sana jikoni.

Sijapata kusikia sifa iliyo bora kuliko hiyo juu ya ufundi wa kuumba watu katika hadithi. Wahakiki wameandika mengi kuhusu riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aghalabu wakiisifu kama hazina ya mila za Wakerewe, na ni kweli hazina hiyo imo. Lakini mila hazitembei zenyewe, hazilii, wala hazioni haya mbele ya wakwe, na anayefanya hayo yote kitabuni ni mwanamke mmoja ambaye mwandishi alimjua kwa namna ambayo hakuna masimulizi ya wazee yawezayo kumjulisha mtu.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, akalelewa katika ua wa Omukama Mukaka, mtawala wa kisiwa hicho, kisha akapelekwa kwa wamisionari na hatimaye katika seminari ya Rubya, huko Bukoba, alikojifunza Kilatini na Kijerumani. Hakuwa padri. Alirejea nyumbani, na mwaka 1919 akamwoa Anna Katura, na wawili hao wakazeeka pamoja pasipo kujaliwa mtoto wa kuwazika. Msomaji wa pwani au wa bara hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo katika jamii ya zama zile, wala idadi ya midomo inayofunguka kumshauri mume aoe mwingine. Kitereza hakuoa mwingine. Akaketi, na mnamo mwaka 1945 akaikamilisha kwa Kikerewe riwaya ndefu ya mume asiyekubali kumwacha mke asiyezaa.

Sisemi kwamba Bugonoka ni Katura aliyebadilishwa jina, maana fundi wa kweli hanakili. Bugonoka anaishi zama zilizotangulia ujio wa Wazungu, na yeye, baada ya mumewe kulipa faini ya pombe kwa baba mkwe, Namwero, na baada ya dawa za mganga Kibuguma, anapata alichonyimwa Katura: anamzaa Ntulanalwo, kisha Bulihwali. Mwandishi alimpa mwanamke wa karatasini hidaya ambayo hakuwa na uwezo wa kumpa mwanamke wa nyumbani mwake, na kila nisomapo kurasa za mimba ile ya kwanza, zilizoandikwa kwa hofu na taadhima kubwa, huona kuwa hazikuandikwa na mtu aliyekuwa akitunga tu.

Lakini alichokichukua kutoka kwa Katura, kwa maoni yangu, kimo zaidi katika mambo madogo kuliko katika msiba wenyewe. Bugonoka hakai bure. Anasaga, anateka maji, anampokea mgeni, anajua chakula gani kinamstahiki nani na maneno gani yanatangulia kukiandaa. Na anapoondolewa nyumbani, ni kwa kukosekana kwake ndipo tunapomwona sawasawa, kwani Myombekere anabaki na meko baridi na kazi zisizompasa mwanamume, na kila kazi inayomshinda inageuka kuwa ushahidi wa yule aliyekuwa akiifanya kimya kimya. Mwanamume asiyewahi kumtazama mkewe akifanya kazi, na kumtazama kwa shukrani, asingeweza kuziandika kurasa hizo hata angekuwa na ufasaha wa namna gani.

Shaaban Robert naye, huko Tanga, alikuwa na hulka hiyo: alimlilia marehemu mkewe Amina kwa shairi, akamtungia binti yake Utenzi wa Hati, akaandika wasifu wa Siti binti Saad, na laiti nafasi ingetosha, ningeonyesha jinsi heshima ile ilivyopenya katika hadithi zake.

Kitabu cha Kitereza kilisubiri sana kuchapishwa. Hapakuwa na mchapishaji wa Kikerewe, ikambidi mzee huyo, baada ya miaka mingi, akifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka 1981 pasipo kukishika mkononi.

Nasi tuliokirithi tumekifanyia nini? Waandishi wa leo wana haraka, na wanawake wa hadithi zao wamechotwa kutoka filamu: mrembo msaliti, mama mkwe mkali, mke anayelia, wote wakiwa hawana mikono, kwa maana ya mikono inayofanya kazi inayojulikana. Hapa Kewanja na katika Ukurya mzima ipo desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke aliyekosa mtoto wa kumrithi hutoa ng'ombe wa mahari, akamwoa msichana ili amzalie watoto wa nyumba yake. Ni msiba uleule wa Bugonoka uliopewa jibu jingine, lenye hisani na lenye dhuluma pia, na limejaa hoja ambazo riwaya moja haiwezi kuzimaliza. Desturi hiyo huandikwa katika magazeti kama ajabu, na katika ripoti kama tatizo. Bibi aliyekuwa akipepeta ulezi aliishi katika nyumba ya namna hiyo tangu ujana wake, na katika miaka yote hiyo, aliniambia, hakuna mwandishi aliyewahi kuketi naye jikoni.