Vikasha vya Akiba na Siri za Nyumba

Kitu kidogo cha mezani hueleza mengi juu ya wenye nyumba. Tutazame vikasha vya chuma vya kuwekea senti, ambavyo Wamarekani wa zamani waliwapa watoto wao. Mwaka 1869 kiwanda cha J. & E. Stevens, katika mji wa Cromwell, kilianza kutoa kimoja chenye umbo la nyumba. Mtoto avutapo kitasa cha mlango, paa lafunuka na karani mdogo atokea. Akiwekewa senti, uzito wake wamrudisha ndani, na paa lajifunga.

Ufundi wake twausifu: mtoto ajifunza kuweka akiba kwa mchezo, bila kiboko. Lakini kikasha hiki chasema pia kwamba nyumba njema ni ile iliyofungwa. Tena, vingine vya miaka ya 1880 vilikuwa na sura ya mtu mweusi, iliyofanywa kwa dharau, akimeza senti. Hapo mtoto alijifunza mawili pamoja: kuweka fedha, na kumcheka mwenziwe. Fundi alikuwa hodari. Somo lake lilikuwa baya.

Watu wa pwani wana kibubu, chenye tundu moja jembamba. Jina lake latokana na bubu: humeza, wala hakisemi. Kile cha udongo hakina ufunguo. Siku ya haja huvunjwa, na nyumba nzima husikia. Kwa maoni yetu, hiki chashinda kile cha chuma.

Kwetu Lusangi, na kote Kasongo na Kabambare, hata chuma kisingaliokoa kitu. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 zilifanywa zaire mpya moja; mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja. Kikasha chaweza kubaki kizima, na akiba ikafa ndani yake. Ndiyo maana likelemba yapendwa: kila mmoja hutoa fungu lake, kila mmoja hupokea kwa zamu, na fedha hailali muda mrefu. Haina kufuli ila uaminifu.

Basi, baba mwenye kikasha, mama wa watoto ajua kilichomo? Kama hajui, siku utakapougua ghafla watoto watalala njaa kando ya fedha zao wenyewe. Mwambie leo.