Steringi Aliyetoka Kenari

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua sheria moja: steringi hafi. Atapigwa risasi, ataangukiwa na jengo, gari lake litazama mtoni, na bado dakika ya mwisho utamwona anatoka kwenye moshi anapangusa shati. Hata mtoto wa chekechea anajua. Ndiyo maana DJ Afro anaweza kupiga kelele kwamba mambo yamekuwa mabaya na watu wanacheka tu. Mabaya kwa nani?

Sasa kuna hii sirizi inaitwa Andor. Ina vipande 24, vya kwanza vilitoka mwaka 2022 na vya mwisho 2025. Ni ya ukoo wa Star Wars, mambo ya vyombo vya anga na Dola inayotawala sayari zote. Steringi wake ni Cassian Andor, na huyu atakufa. Usinigombeze kwamba nimekuharibia, maana alishakufa tangu 2016 kwenye filamu ya Rogue One, amekaa ufukweni amekumbatiana na dada anaitwa Jyn, na moto unakuja kwao. Sirizi ilitengenezwa baadaye ikarudi nyuma miaka mitano kabla ya kifo hicho, ituambie huyu mtu alikuwa nani. Kwa hiyo swali la "atapona?" halipo. Limebaki lingine tu: kwa nini nimwangalie huyu?

Tuliitazama na vijana wa kikundi chetu cha maigizo, kwenye kompyuta moja yenye kioo kilichopasuka kona, kila Ijumaa jioni betri ya sola ikiruhusu. Tulianza kumi na wanane. Wiki ya tatu tulibaki tisa, kwa sababu vipande vya mwanzo vinaenda polepole na hakuna mtu anayepigana na upanga wa mwanga. Hao tisa ndio walionifanya niandike. Tuligombana kila Ijumaa, na karibu kila mara ugomvi ulikuwa huohuo: kwa nini mwigizaji huyu ndiye amepewa nafasi hii.

Tuanze na faili la huyo Cassian. Alizaliwa sayari inaitwa Kenari, jina lake la utotoni ni Kassa. Chombo kimoja kikaanguka msituni, watoto wakaenda kuangalia, na huko akakutwa na mama mmoja anaitwa Maarva na mume wake Clem, watu wa kuokota vyuma. Maarva akaona wanajeshi wako njiani, wakimkuta huyu mtoto watamuua. Akamchoma dawa ya usingizi akambeba. Dada yake mdogo akabaki Kenari. Kassa akaamkia maisha mengine, akalelewa mji wa Ferrix, akaitwa Cassian, na kwenye karatasi zake zote ikaandikwa kwamba alizaliwa sayari ya Fest.

Kipande cha kwanza kabisa, Cassian ameenda kumtafuta dada yake. Anauliza mahali fulani kama kuna msichana wa Kenari. Usiku huohuo anagombana na walinzi wawili na wote wanakufa mikononi mwake. Na kinachomfanya atafutwe si sura yake wala jina lake, ni hilo neno moja alilolitamka, Kenari. Anarudi nyumbani anamwuliza Maarva umemwambia nani, nani mwingine anajua nilikotoka. Hapo kwenye chumba chetu hakuna aliyehitaji kuelezwa chochote. Nusu ya vijana wangu wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa karatasi. Wengine jina la kijiji liliandikwa na mtu aliyekuwa na haraka, na sasa hata wao wenyewe wanalitaja vile lilivyoandikwa ili mambo yasikwame.

Sasa, nani apewe nafasi ya mtu kama huyo? Walimpa Diego Luna. Ni Mmeksiko, alizaliwa mwaka 1979. (Piga hesabu: 2022 alikuwa na miaka zaidi ya arobaini, na anaigiza Cassian akiwa kijana kuliko alivyomwigiza 2016. Umri wa karatasi na umri wa uso havikubaliani. Vijana walicheka sana, kila mmoja ana mjomba wa namna hiyo.) Anazungumza Kiingereza kwa lafudhi ya kwao. Hakuificha kwenye Rogue One, na hapa pia hakuificha.

Hilo si jambo dogo. Tangu filamu ya kwanza ya Star Wars mwaka 1977, wakubwa wengi wa Dola wamekuwa wakiongea Kiingereza cha Uingereza, kile cha kunyoosha kila neno. Kwenye Andor angalia wale wawili wanaomwinda Cassian. Dedra, afisa wa usalama, anaigizwa na Denise Gough, ambaye kwao ni Ireland. Syril, yule kijana mwenye kola iliyopigwa pasi, anaigizwa na Kyle Soller, Mmarekani. Wote wawili wamebadilisha ulimi ili wawe watu wa Dola, wamevaa Kiingereza cha Uingereza kama sare. Steringi peke yake kabaki na mdomo aliozaliwa nao.

Kuna kisa cha mwanzoni mwa 2017 ambacho Luna mwenyewe alikisambaza mtandaoni. Binti mmoja alimpeleka baba yake, Mmeksiko anayeishi Marekani na mwenye lafudhi nzito, wakaione Rogue One. Baba alipomsikia Cassian akaongea akashtuka, huyu anaongea kama mimi. Filamu ilipoisha akawa anauliza kama ilipata pesa, kama watu waliipenda. Mimi nilipokisoma nilimwelewa yule mzee. Anataka kujua kama watu walilipa kumsikiliza mtu mwenye ulimi wake.

Kijana wetu mmoja alisema hilo ni kosa la watengenezaji. Hoja yake ilikuwa nzuri: Cassian kachukuliwa mtoto, kalelewa na Maarva, na Maarva ni Fiona Shaw, mwigizaji kutoka Ireland, anaongea tofauti kabisa. Mtoto si huongea kama mama aliyemlea? Nikamwambia, wewe ulifika hapa na miaka mingapi? Saba. Na jana dukani walikuuliza nini? Akanyamaza, halafu akacheka. Walimwuliza, "Wewe ni wa Kongo ya wapi?"

Tena kuna ujanja mwingine naupenda zaidi. Zile sehemu za utotoni Kenari, watoto wanaongea lugha yao na chini hakuna maandishi ya tafsiri. Hakuna. Mtazamaji wa London au New York anakaa pale anasoma nyuso tu, anakisia nani amekasirika na nani anaogopa. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma kijarida hiki, mkitaka kujua siku ya kwanza ya kuandikishwa ilikuwaje kwa mtoto anayejua Kibembe tu, tazameni hizo dakika chache.

Hapa inabidi niseme langu. Mwaka jana tuliandaa igizo la tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi. Mimi ndiye niliyegawa nafasi. Kulikuwa na kijana mmoja, ameingia kambini hana hata mwaka, anasema "batoto" na "batu" na "muntu". Kwenye mazoezi alikuwa anatisha kwa uzuri, akisimama tu watu wananyamaza. Igizo lenyewe lilihusu mtu anayekimbia vita, na yeye ndiye aliyekuwa amekimbia juzi. Nikampa nafasi ya askari mlangoni, haina neno hata moja. Steringi nikampa kijana mwenye Kiswahili cha shule, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja na nilitaka waelewe, na kwa sababu nilijua yule wa "batoto" akifungua mdomo watu watacheka. Nilisema ni kwa faida yake. Hajarudi kwenye kikundi. Nilimtumia ujumbe tulipoanza sirizi, akajibu kwamba ana kazi ya kuchota maji.

Basi. Turudi kwenye sirizi.

Nafasi iliyogawiwa vizuri kuliko zote, kwangu mimi, ni ya Kino Loy. Cassian anakamatwa ufukweni, hajafanya chochote siku hiyo, alikuwa anatembea tu. Anahukumiwa miaka sita kwa jina la uongo. Anapelekwa gereza la Narkina 5, sakafu ni ya umeme, wafungwa miguu mitupu, wanaunganisha vyuma wasivyojua ni vya nini. Kila meza watu saba. Na msimamizi wao, anayewapigia kelele waongeze kasi, ni mfungwa mwenzao. Ndiye Kino. Anahesabu siku zake, anaamini akifuata utaratibu mpaka hesabu iishe ataachiwa. Halafu inagundulika kwamba wanaomaliza kifungo hawaachiwi, wanahamishiwa ghorofa nyingine waanze upya.

Kino ni Andy Serkis. Huyu ni mtu aliyejulikana duniani kwa kutokuonekana: ndiye Gollum, ndiye yule sokwe Caesar, na hata kwenye Star Wars alishakuwa Snoke, sura yake imefunikwa na ya kompyuta. Hapa wamemwacha na uso wake mwenyewe, umechoka, una mikunjo. Unaona kila kitu kinavyovunjika ndani yake siku anapojua ukweli. Anawaongoza watu wote kutoroka, wanafika ukingoni, chini ni maji, na yeye hajui kuogelea. Hatuambiwi mwisho wake. Mzee mmoja aliyekuja tu kuchaji simu alisimama mlangoni akaangalia hiyo sehemu yote, akasema, "Huyo ni sisi viongozi," akachomoa simu yake akaondoka.

Mon Mothma, yule seneta, nitamsema haraka. Genevieve O'Reilly alipewa nafasi hiyo kwenye filamu ya 2005, wakapiga picha, halafu karibu zote wakazikata. Akaitwa tena kwa Rogue One. Hapa ndipo amepata nafasi ya kweli, baada ya miaka 17, na unamwona kabisa ni mtu aliyekaa muda mrefu kwenye vyumba vizuri bila kuruhusiwa kusema. Siku anaposimama bungeni na kuyaita mauaji ya Ghorman kwa jina lake, mauaji ya kimbari, kwenye chumba chetu kulikuwa na Wakongo, Warundi na Mnyarwanda mmoja. Hakuna aliyesogea.

Na hao watu wa Ghorman wenyewe, walichukua waigizaji wengi kutoka Ufaransa na kuwatungia lugha yao kabisa. Kwa hiyo wanapopigwa risasi pale uwanjani huoni kundi la watu wa kufa tu, unaona taifa, watu wenye namna moja ya kuongea na kubishana. Forest Whitaker naye yumo, ni Saw Gerrera, mpiganaji wa msituni. Wengi mnamjua, ndiye aliyeigiza Idi Amin. Mganda wetu alimtambua kwa sauti kabla ya sura.

Lakini sitaki mdhani naisifu tu. Bix nimeumia naye. Anaigizwa na Adria Arjona, aliyezaliwa Puerto Rico, na mwanzoni ni fundi, ana karakana yake, ana siri zake za biashara, anajua kumkatalia Cassian. Nikasema hapa tumepata mtu. Halafu? Msimu wa kwanza anakamatwa na kuteswa. Msimu wa pili yuko shambani, yeye na wenzake wanafanya kazi bila vibali, na afisa wa Dola aliyekuja kukagua karatasi anajaribu kumbaka. Hiyo sehemu naitetea. Tunajua kwamba mwenye muhuri anaweza kudai mengine, na ilibidi ionyeshwe. Bix mwenyewe anapigana na yule afisa, na afisa ndiye anayekufa. Lakini baada ya hapo anakosa usingizi, anatumia dawa, kisha anaamua kumwacha Cassian ili Cassian aendelee na mapambano, na picha ya mwisho yuko shambani amebeba mtoto. Yule fundi alienda wapi? Binti mmoja kwenye kikundi alisema, "Kila mara dada anaumizwa ndipo kaka akue." Wavulana walimpinga. Mimi sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Arjona ana uwezo kuliko kazi aliyopewa.

Ugomvi mkubwa wa mwisho ulikuwa juu ya dada yake Cassian, yule aliyeachwa Kenari. Sirizi inafunguliwa na yeye, ndiyo sababu ya yote, na vipande 24 vinaisha hajapatikana. Hakuna mwigizaji aliyepewa nafasi ya kuwa yeye akiwa mtu mzima. Maarva anamwambia Cassian aache kutafuta, Kenari hakupona mtu, na hadithi inaendelea na mambo mengine. Wengi walisema wamedanganywa. Mmoja alikuwa amejipangia kabisa kwamba Dedra ndiye dada mwenyewe, atagundulika mwishoni kwa kovu au kwa mkufu, kama filamu za Kinigeria. Mimi nilisema wamefanya sawa, lakini nilisema kama mtu wa kuchambua: kwamba ikibidi kila kitu kifungwe, basi hadithi inakuwa ndogo, na kadhalika.

Yule binti wa maneno ya Bix alikuwa amekaa nyuma. Yeye na kaka yake waliachana njiani mwaka 2017, jina la kaka liko kwenye orodha ya wanaotafutwa na kila miezi michache anaenda kuuliza. Hakuinua hata kichwa.

"Wangempata," alisema, "mimi ningezima hiyo kompyuta."